Mama Mstari na Mjukuu wa Ndani ya Kioo

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika kituo chetu cha kusafisha maji, mwendesha mitambo mkuu alistaafu rasmi Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi uliopita. Alikabidhi zamu ya mchana, akatundika koti lake la kazi kwenye msumari uleule alioutumia tangu alipoajiriwa, kisha akatoka kwa mlango wa mbele. Hilo la mlango si jambo dogo. Miaka yote tulimzoea akitoka kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa huko ndiko ziliko pampu, na hakuwahi kwenda nyumbani bila kuziaga.

Kwenye kitambulisho kuna jina lake kamili, lakini humu ndani ukilitaja watu watakuuliza unamtafuta nani. Sisi tunamwita Mama Mstari, na sababu yake itafuata.

Mhariri wa jarida hili aliniagiza mimi, mtunza stoo, niandike habari za kazi yake kwa heshima na bila porojo. Heshima ipo. Porojo siwezi kuahidi. Kila anayefika kwenye dirisha la stoo kuchukua glavu au bolti ananiuliza jambo moja tu, nalo halihusu idadi ya pampu alizozifufua mama huyu. Ananiuliza kama Mjukuu alipona. Tutafika huko, lakini kwanza tumjue bibi yake.

Alianza kazi kama msomaji wa geji. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka kituo kizima, kutazama sindano na kutoa taarifa. Siku hizo mtaa wa juu mlimani ulikuwa ukilalamika kwamba maji hayafiki, ilhali geji ya bomba linalokwenda huko ilionyesha presha nzuri kila siku. Kituo kizima kiliamini kwamba watu wa mlimani wanapenda kulalamika. Yeye, mgeni ambaye hata viatu vyake vya kazi vilikuwa bado vinambana, akafunga valvu ya bomba hilo kabisa, akarudi kuitazama geji. Sindano ilikuwa palepale, inasifia presha ya bomba ambalo sasa halikuwa na presha yoyote. Ilikuwa imekwama, na hakuna aliyejua tangu lini.

Kutoka siku hiyo akawa na mazoea ya kuigonga kila geji kwa ukucha kabla ya kuisoma. Vijana wote waliopita mikononi mwake wanafanya hivyo hivyo, na wengine nimewaona wakiigonga saa ya ukutani kwenye chumba cha chakula. Pia akawa na swali lake. Kitu kikiharibika, wenzake wanakimbilia spana, yeye anasimama mikono mfukoni na kuuliza, "Nini kimebadilika?" Ukimjibu hakuna kilichobadilika, anakutazama kama umemwambia umekuja kazini kwa kutambaa. Kisha anagusa kitu kimoja tu, anasubiri aone, ndipo anagusa cha pili. Mafundi wenye haraka waliteseka sana naye.

Sasa mstari. Mwaka wake wa tano hapa, alipokea zamu asubuhi moja na kukuta tangi la maji safi liko karibu tupu. Aliyetoka alidhani anayeingia atajaza, anayeingia hakujua. Pampu zikavuta hewa, mbili zikaungua, na mji ukabeba ndoo kwa wiki nzima. Hakumlaumu mtu. Alikwenda stoo, akachukua rangi nyekundu, akachora mstari mnene kwenye ukuta wa tangi, na akauomba uongozi uweke sharti lifuatalo: hakuna anayekabidhi zamu maji yakiwa chini ya mstari. Yakiwa chini, wewe unayetoka hutoki. Unakaa mpaka yapande.

Sharti hilo halikumheshimu mtu. Msimamizi wetu wa sasa wa zamu ya usiku anakumbuka jioni aliyotakiwa kwenda kujitambulisha kwa wakwe. Alikuwa ameshavaa suti, kaka yake yuko getini anapiga honi, na maji yalikuwa chini ya mstari kwa upana wa vidole viwili. Mama Mstari aliyekuja kumpokea alivuta kiti, akaketi, akamwambia kwa upole, "Nakusubiri, mwanangu." Kijana akasimama kando ya tangi na suti yake, anayatazama maji yanavyopanda kama anayesubiri uji uchemke. Alifika ukweni amechelewa, akaeleza sababu, na baba mkwe akasema mtu wa namna hiyo anafaa. Leo ana watoto watatu na bado anasema alionewa.

Mafanikio mengine ni mengi na mhariri atanisamehe nikiyapitia haraka. Aliongoza kikosi cha kusaka maji yanayopotea njiani, kwa kulinganisha yanayotoka hapa na yanayofika kule, na akagundua mivujo ambayo hata ramani haikuijua. Alifundisha waendesha mitambo wengi kiasi kwamba ukienda kituo chochote cha maji utasikia mtu anagonga geji kwa ukucha.

Lakini kazi hii ilichukua chake pia, na yeye mwenyewe ameniruhusu kuliandika hili. Ana binti mmoja. Siku binti huyo alipohitimu chuo, bomba kuu lilipasuka alfajiri, na mama yake alikuwa ndani ya shimo, tope mpaka kiunoni, gauni jipya limetundikwa nyumbani nyuma ya mlango. Alikuwa ameahidi kufika. Binti hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma mama. Alisema angefarijika zaidi kama angefokewa. Binti akapata kazi mbali sana, katika taasisi inayochunguza viumbe vya baharini, na simu zao zikawa fupi na za adabu: hujambo, sijambo, kazi, salama, haya basi.

Miezi minane kabla ya kustaafu kwa mama yake, binti alikuja likizo akiwa na sanduku. Ndani mlikuwa na tangi dogo la kioo, ukubwa wa katoni ya sabuni, pamoja na taa yake na pampu yake ndogo ambayo Mama Mstari aliikagua kwa dharau ya kitaalamu. Wakalitega kwenye meza ya chumba cha uendeshaji, kwa ruhusa ya meneja. Waliweka mchanga mweupe, mawe, maji ya chumvi, samaki mmoja mdogo wa rangi ya chungwa, na juu ya jiwe, tumbawe laini lenye umbo la uyoga.

Wengi wetu hatukujua kama kitu hicho ni jiwe, mmea au mnyama. Ni mnyama. Likiwa na furaha, kichwa chake kinajaa vidole vyembamba vingi vinavyopepea majini. Likikasirika, linavirudisha vyote ndani na kubaki na kipara. Binti alimwambia mama yake, mbele yetu, kwamba yeye ambaye hajawahi kuketi bila kushika spana sasa apate kitu cha kuketi na kukitazama. Kisha akasema, "Siku yako ya mwisho kazini nitakuja, Mama. Nataka nimkute amefunguka." Mama Mstari akajibu kwamba atamkuta amefunguka. Nilikuwepo. Alilitamka neno hilo polepole, kama mtu anayesaini.

Kwa kuwa binti hana mtoto, na kwa kuwa sisi hatuna adabu, tumbawe likapewa jina la Mjukuu, na tangu hapo tukamzungumzia kama mtu. Binti alibandika kipande cha utepe wa buluu kwenye kioo kuonyesha maji yanapaswa kufika wapi. Alimwachia mama yake mfuko wa chumvi maalumu, ambao niliutunza stoo kwa sababu ndipo pakavu, na kipimo cha chumvi: kisanduku cha plastiki chenye sindano. Unakijaza maji ya tangi, sindano inapanda, na ikisimama kwenye kijani mambo ni mazuri.

Kila Jumatatu Mama Mstari alikoroga ndoo ya maji ya chumvi, akaifunika, akaandika juu yake MAJI YA MJUKUU. Alikuwa anatoa sehemu ya maji ya zamani ya tangi na kuweka haya mapya. Na kama maji yangepungua katikati ya wiki, binti alikuwa amemweleza la kufanya: hapo usitie ya chumvi, tia matamu, yale safi kabisa ya maabara. Kumbe hakuwahi kuhitaji. Kila alipoingia zamu alikuta maji yamefika kwenye utepe sawasawa. Alikisifu kifuniko cha kioo kwa kuzuia mvuke.

Mwezi wa pili Mjukuu akajifunga kwa mara ya kwanza. Alipata kipara kinachong'aa, kama kilichopakwa nta. Kituo kizima kikawa roho juu. Bibi akapiga simu, na binti akacheka, akaeleza kwamba matumbawe ya aina hiyo hujivua ngozi mara kwa mara, asubiriwe tu. Kweli, baada ya siku kadhaa utando ukabanduka, ukaelea, na Mjukuu akafunguka mkubwa kuliko mwanzo. Tukajiona wataalamu. Mlinzi wa getini alianza kuwaeleza wageni hatua za kujivua ngozi kabla hata hawajaandika majina.

Kwa hiyo alipojifunga mara ya pili, hakuna aliyeshtuka. Tulisema anajivua, tukasubiri. Wiki ikapita, na nyingine. Safari hii hapakuwa na utando wala mng'aro. Alikuwa anasinyaa. Shina lake likaanza kuinama upande, na ukingo wa kichwa ukawa na rangi ya chai. Samaki alikuwa mzima, anazunguka na mambo yake. Binti alikuwa ameshakata tiketi.

Mama Mstari akaanza kukwepa maswali ya simu. Binti akimuuliza Mjukuu anaendeleaje, anajibu, "Yupo tu." Mtu aliyewahi kumwambia mkurugenzi usoni kwamba pampu yake mpya ni takataka, sasa alikuwa anamung'unya maneno mbele ya mtoto wake wa kumzaa. Siku moja alikuja dirishani kwangu kuchukua chumvi, akasema, "Niliahidi mara moja nikashindwa. Hii ya pili nitaiweka wapi?" Nilimpa chumvi.

Basi akaanza kazi kama anavyojua. Aliwakusanya wa zamu zote na kuuliza swali lake: nini kimebadilika? Wote wakajibu kwa moyo safi kwamba hakuna. Akawatazama vilevile anavyotazama, lakini hapakuwa na kingine cha kushika. Akasema tutagusa kimoja, tutasubiri.

Kila mtu alikuwa na nadharia yake. Mlinzi alisema ni taa, maana hata yeye akimulikwa hivyo usoni angefumba. Taa ikainuliwa. Tukasubiri. Hakuna kitu. Fundi umeme alisema ni mkondo wa pampu, unampiga moja kwa moja kama upepo wa feni kwa mgonjwa. Pampu ikageuzwa upande. Tukasubiri. Bado. Mkemia wetu wa maabara, mtu makini, alichukua sampuli akapima uchafu, na akaukuta umepanda kidogo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mhasibu alikuwa anamlisha samaki kila anapopita, na chumba cha mhasibu kiko karibu na choo, kwa hiyo anapita mara nyingi. Alizuiwa kwa lugha nzuri. Uchafu ukashuka. Mjukuu akaendelea na kipara chake.

Ndipo mtu mmoja, sitamtaja kwa usalama wake, akauliza kama labda ni maji yetu. Kumwambia mtu wa kituo hiki kwamba maji yetu yameua kitu ni kama kumwambia mama mwenye nyumba kwamba chakula chake kimewaharisha wageni. Lakini Mama Mstari hakukasirika. Alisema swali ni halali: klorini tunayotia ili watu wanywe salama ni sumu kwa viumbe vya namna hii. Mkemia akapima. Hapakuwa na klorini, kwa kuwa tangu mwanzo bibi alikoroga ile ndoo kwa maji ya maabara. Tukapumua. Nadhani tulifurahia zaidi kusafishwa jina kuliko tulivyomsikitikia mgonjwa.

Chumvi nayo iliulizwa. Mashine ya maabara imetengenezwa kwa maji matamu. Ikitumbukizwa kwenye maji ya bahari inaonyesha vistari tu, kama inayogoma. Kikabaki kile kisanduku cha plastiki. Kilijazwa maji, sindano ikaonekana kwenye kijani. Wakapita.

Jibu lilianzia kwenye ndoo. Alhamisi moja Mama Mstari alikuwa anaingia zamu, akafunua ile ndoo ya MAJI YA MJUKUU ili aikoroge, akakuta imebaki nusu. Alikuwa ameijaza Jumatatu na kutumia kidogo tu. Ndoo ina kifuniko. Haijatoboka, aliiinua akapitisha kiganja chini yake, pakavu. Mwanamke aliyetafuta maji yaliyopotea kwa nusu ya maisha yake akasimama na ndoo mkononi, na walioona wanasema uso wake ulibadilika akawa kama msichana. Alikuwa na mvujo wa kusaka.

Safari hii hakuuliza nini kimebadilika. Alimwendea mmoja mmoja na kuuliza maji ya ndoo yanakwenda wapi. Wa zamu ya asubuhi akamjibu kwa fahari kwamba yeye huongeza kidogo kabla ya kutoka, utepe ukiwa umeachwa juu. Wa mchana akasema, basi, hata mimi. Msimamizi wa zamu ya usiku, yule wa suti, akashangaa kuulizwa. "Mama, si wewe uliyetufundisha? Nitakabidhije maji yakiwa chini ya mstari?"

Hapo ndipo palipokuwa. Binti wa watu alikuwa amebandika mstari kwenye kioo cha maji, ndani ya kituo hiki, mbele ya watu hawa. Chumba kile kina joto la mitambo, na tangi dogo hupungua haraka. Kinachoondoka ni maji peke yake. Chumvi haipai, inabaki. Na kila zamu, kwa upendo na nidhamu, ilijaza pengo hilo kwa maji mengine ya chumvi, kwa kuwa ndoo imeandikwa ni ya nani. Wiki baada ya wiki Mjukuu alikuwa anakolezwa. Hakuna aliyesema kimebadilika kitu kwa sababu kujaza hadi kwenye mstari, kwetu, hakuhesabiwi kuwa ni kufanya kitu. Sitii chumvi nikisema hivyo. Imeshatiwa ya kutosha.

Lakini kama ni hivyo, kisanduku cha plastiki kilisema nini siku zote? Mama Mstari alikichukua, akamwaga maji yote, akakigeuza, akakikung'uta. Kikiwa kitupu kabisa mkononi mwake, sindano ilikuwa bado kwenye kijani. Magamba ya chumvi yalikuwa yameganda kwenye mhimili wake.

Aliketi chini. Alianza kucheka, na alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza hayakukoma upesi, na nadhani mwishoni hayakuwa ya kicheko. Yeye ambaye amewafundisha watu wazima kugonga saa ya ukutani, hakuwa amekigonga kisanduku hicho hata mara moja. Mkemia akakiosha kwa maji ya uvuguvugu, sindano ikalegea, wakapima upya. Ikapita kijani, ikaenda mpaka mwisho wa nyekundu. Ili kuwa na hakika, mkemia alichanganya tone la maji ya tangi na maji mengi matamu mpaka mashine yake ikakubali kusoma, akapiga hesabu, na jibu likawa lilelile.

Jioni hiyo akampigia binti yake na kumweleza yote, bila kupunguza: ndoo, utepe, sindano, na zile "yupo tu" zote. Aliniambia kwamba upande wa pili alisikia kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu mtoto yule akiwa shule ya msingi. Binti alipoweza kusema, alimwonya jambo moja. Asimwage maji matamu yote kwa pigo moja, maana kiumbe aliyezoea chumvi kali akishushiwa ghafla atakufa kwa dawa. Ashushe kidogo kidogo. Ayaache maji yapungue, aongeze matamu kiasi, asubiri. Walizungumza mpaka mlo ukapoa. Kesho yake wakazungumza tena, na kesho kutwa, kwa sababu kila siku palikuwa na habari ya kipimo.

Tiba ilikuwa rahisi kwa maneno tu. Mama Mstari aliingia chumba cha uendeshaji na kutangaza kwamba kuanzia leo, tangi la kioo litajazwa na mtu mmoja, kwa zamu ya asubuhi, kwa maji matamu, na wengine wote wakiliona chini ya mstari watakunja mikono. Watu waliumia. Nimemwona msimamizi wa zamu ya usiku akigeuza kiti chake ili asiutazame ule utepe. Mmoja alilifunika tangi kwa gazeti. Na mwenye tangazo ndiye aliyeteseka kuliko wote. Alikuwa akipita, mkono unamtoka mfukoni wenyewe, anaurudisha.

Sindano ilishuka polepole hadi kwenye kijani, na sasa ilikuwa inagongwa kila siku na kila mtu. Mjukuu hakuonyesha shukrani yoyote. Wiki ya mwisho ya utumishi wa bibi yake ilianza, naye ana kipara. Jumatano shina likanyooka. Alhamisi, hakuna. Ijumaa asubuhi binti akafika na begi lake, moja kwa moja kutoka safarini, na kukuta upande wa kushoto wa kichwa cha Mjukuu una vidole vifupi vimetoka, vichache, vinajaribu maji. Upande wa kulia ulikuwa bado umefungwa.

Mama Mstari alisimama kando, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Akasema, "Nilisema utamkuta amefunguka. Amefunguka nusu." Binti aliinama, akatazama kwa muda mrefu, kwa macho ya kazi yake. Kisha akainuka, akamshika mama yake mabega. Tulisikia wote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na adabu ya kuondoka. Alisema, "Mama, sikukuletea ili nije nikukague. Nilitaka uwe na kitu cha kunipigia simu."

Sitaandika sura ya mama ilikuwaje. Baadhi ya mambo ni yake.

Sherehe ilifanyika mchana kwenye chumba cha chakula, hotuba zikatolewa, zawadi ikakabidhiwa, na meneja akaigonga saa ya ukutani kwa ukucha kumwenzi, tukacheka wote. Ila kinachozungumzwa mpaka leo ni makabidhiano ya jioni. Alisisitiza kumaliza zamu yake kama siku nyingine yoyote. Walipofika kumpokea, aliwapitisha kwenye pampu, valvu na geji. Tangi kubwa lilikuwa kwenye mstari mwekundu sawasawa. Wakaingia chumba cha uendeshaji. Kwenye meza, maji ya tangi la kioo yalikuwa yamepungua, kidole kizima chini ya utepe wa buluu. Kujazwa kwake ni asubuhi, na hiyo ilikuwa jioni.

Watu wa zamu zote walikuwa wamejipanga mlangoni. Aliutazama utepe. Akaigonga pembe ya kioo kwa ukucha, taratibu, samaki akageuka. Kisha akamwambia msimamizi wa zamu ya usiku, "Nakabidhi. Iko chini ya mstari. Asubuhi mtajaza nyinyi, na mimi sitakuwepo." Akachukua mkoba wake, akamshika binti mkono, wakatoka kwa mlango wa mbele.

Mama Mstari, tunakushukuru kwa pampu zilizoishi kwa sababu yako, kwa mji ambao haukujua jina lako lakini uliamka na maji, na kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kushika spana. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na bomba lolote, na simu ndefu zisizo na adabu. Kwa wanaouliza dirishani kwangu: upande wa kulia ulifunguka Jumapili. Msimamizi wa zamu ya usiku alikupigia kukupa habari hiyo, akakuta simu yako inatumika. Akajaribu tena baadaye, bado inatumika, akaniambia niandike hapa kwamba safari hii hakuona vibaya kusubiri.